Mwanamke Aliyekuwa Jiwe la Mizani

Mama Vikombe hakuwa na mtoto, na vikombe vyake vilikuwa viwili tu: kimoja cha kupimia maji yanayoingia chunguni, kimoja cha kupimia dawa inayotoka. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, naye akalipokea, maana lile la wazazi wake lilikuwa refu na kila mtu alilikata alipotaka. Alikuwa mchemshaji wa dawa za mitishamba katika hospitali ya wagonjwa wa saratani, kwenye chumba cha nyuma chenye majiko sita ya gesi, dirisha moja na ukuta mzima wa droo ndogo. Kabla ya hapo alikuwa dobi wa mashuka hapo hapo. Na kabla ya udobi alikuwa mke wa mtu, ila mtu mwenyewe alitoka asubuhi moja kwenda kununua misumari, na mpaka leo misumari hiyo haijapatikana.

Mkuu wa chumba alikuwa tabibu mzee aliyejifunza kazi hiyo China enzi za ujana wake. Droo zake zilikuwa na maandishi ambayo Mama Vikombe hakuweza kuyasoma, na hayakumkosesha usingizi. Dawa alizijua kwa jicho na kwa pua. Iliyoagizwa zaidi ilikuwa ile ya kusawazisha maji mwilini, yenye vitu vitano: uyoga mweupe unaoota kwenye mizizi ya misonobari, uyoga mwingine mweusi uliokunjamana, kiazi cha mmea wa majini, mzizi mmoja wenye harufu ya udongo uliokaangwa, na vijiti vya mdalasini. Wao waliiita dawa ya vitano. Tabibu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kila mgonjwa mpya alimwambia yale yale, kwamba hii haitibu saratani, saratani ni kazi ya daktari na dripu zake. Hii ni ya kuusaidia mwili uliovimba uachie maji, na wengine huwasaidia, wengine wala.

Mama Vikombe naye alikuwa na sheria zake. Vikombe vitatu viingie, kimoja kitoke. Kila mgonjwa na chungu chake, wala kisiazimwe. Na chungu kikichemka usiongee, kwa sababu ukiongea utapitwa na ile dakika ya kuepua. Miaka ishirini na miwili alichemsha akiwa amefunga mdomo, na nje ya chumba hicho alikuwa na mdomo wa kutosha watu wanne.

Alikuwa pia na kazi ya pili, ambayo haikuandikwa popote. Wodi ya wanawake ilikuwa na mizani ya zamani ya kusimamia, yenye sahani pana ya chuma na mshale mrefu, na mizani hiyo ilikuwa ikipotoka kila baada ya siku chache. Fundi wa vipimo alikuwa akiahidi tu. Sasa muuguzi mkuu alikuwa amegundua kwamba Mama Vikombe, ale asile, acheke alie, ana kilo hamsini na nane, hazizidi wala hazipungui. Basi ikawa desturi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wagonjwa kupimwa, Mama Vikombe alipanda sahani, akanyoosha mikono, akatazama ukuta. Muuguzi alichuchumaa na kukaza au kulegeza skrubu mpaka mshale useme hamsini na nane. Hapo mizani ilihesabiwa kuwa sawa, na kina mama wakaanza kupanga foleni.

“Heri binadamu asiyebadilika kuliko chuma kinachobadilika,” muuguzi mkuu alipenda kusema. Mama Vikombe alijivunia maneno hayo kuliko mshahara wake. Wengine huitwa nguzo za familia, yeye alikuwa jiwe la mizani, na alitembea kama jiwe la mizani.

Kisha wakamleta Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa, ndiyo maana ya jina. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka minne na dada yake kumi na tisa. Nani alimlea nani hakuna haja ya kueleza. Sasa Kitinda alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mshonaji wa sare za shule, mcheshi, mwenye uvimbe kwenye kizazi na tumbo lililojaa maji hadi hawezi kuinama avae viatu. Alipimwa akawa na kilo sitini na sita, na mikono yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto. Kilo zilikuwa za maji.

Daktari alimwita Mama Vikombe pembeni, akasema naye waziwazi kama mfanyakazi mwenzake. Kitinda alihitaji dripu nyingine ya saratani, tena kwa haraka. Lakini ikiingia kwenye mwili uliojaa namna ile inaweza kumuua. Alimpa wiki tatu za vidonge vya kutoa maji, na dawa ya vitano ya tabibu pembeni. Jumatatu ya mwisho akifika kilo sitini na mbili, atawekewa dripu. Asipofika, basi.

“Basi nini?” Mama Vikombe aliuliza.

“Basi tutamtuliza maumivu,” daktari akasema.

Siku hiyo alipomchemshia mdogo wake chungu cha kwanza, alivunja sheria yake. Aliinama mpaka mvuke ukamlowesha kope, akasema kwa sauti ya chini, “Maji haya yamtoke, yanijie mimi.” Hakujua kama alikuwa akimwambia Mungu au chungu. Mapovu yote yakazama kwa mpigo, maji yakatulia kimya juu ya moto kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka tano. Halafu yakaanza tena kuchemka. Akaepua dawa kabla ya wakati wake.

Asubuhi ya tano viatu vilimkataa. Alidhani amevaa vya mtu mwingine, akavigeuza akaangalia soli, akakuta ni vyake. Alikaa kwenye kigoda chake kati ya majiko, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na kidole kikazama. Alipokitoa, shimo likabaki. Asubuhi hiyo hiyo Kitinda alikuwa amepimwa kilo sitini na tano.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama Vikombe alilitazama lile shimo likijaa polepole, na moyo wake ukajaa furaha ya kutisha. Alikuwa ameomba, akasikilizwa. Alikwenda sokoni akanunua viatu vya wazi vya kiume, akamwambia muuguzi kwamba vile vya zamani vimeisha. Pete ya ndoa, ambayo mnunua misumari hakurudi kuidai, aliivua kwa sabuni akaifungia kwenye leso.

Alianza kulala vibaya na kutafuna. Mdomo usipotafuna ulitaka kusema, na alichotaka kusema hakisemeki. Kwenye droo ya chini kulikuwa na mzizi mtamu, ule wa kukata ukali wa dawa nyingine, na mfuko wa aproni yake haukukosa vipande vyake tangu siku Kitinda alipolazwa. Alitafuna asubuhi, alitafuna mchana, alitafuna akisubiri chungu.

Siku zikasonga. Kitinda akapimwa sitini na nne na nusu, kisha sitini na nne. Kila alfajiri Mama Vikombe alipanda sahani, akanyoosha mikono, akatazama ukuta. Muuguzi alichuchumaa kwenye skrubu, akasimama, akasema hamsini na nane. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Uso ulikuwa umemjaa hadi macho yamekuwa madogo, tumbo limekaza kamba ya sketi, lakini mizani ilisema ni yule yule. Aliona kwamba alichobeba si kitu cha kupimika.

Aliyeharibu furaha ni Kitinda mwenyewe. Siku moja dada yake alipomletea kikombe, alikipokea, akakinywa chote bila kukunja uso, kisha akasema, “Dada, ile mizani yenu inasema habari za mtu mwingine.”

“Wewe kunywa dawa.”

“Nimekunywa. Nakwambia mimi ni mzito kuliko jana. Nikigeuka kitandani nasikia maji yanageuka nyuma yangu, yamechelewa kidogo. Halafu asubuhi naambiwa nimepungua. Sasa mwongo ni nani, mimi au mwili wangu?”

Mama Vikombe alimwambia ni woga, ugonjwa hupenda kumchezea mtu akili. Alisema kwa ukali, kwa sababu naye alikuwa amelitazama lile tumbo alipokuwa anamfuta, na macho yake hayakuona lilipopungua. Daktari aliyekuwa na wodi mbili mgongoni aliangalia karatasi kuliko tumbo, na karatasi ilimfurahisha. Vidonge vinafanya kazi, alisema, au dawa ya tabibu, au vyote. Yeye hakuwa mchoyo wa sifa.

Wodi ilikuwa na wanawake wanane, na penye wengi pana mengi. Mkongwe wao walimwita Bibi Kofia, kwa kuwa hakuivua kofia yake ya sufi hata akioga. Bibi huyu hakuwa na maji mwilini, alikuwa amekuja kwa ajili ya koo, na alikuwa anakula vizuri mpaka wenzake wanamwonea wivu. Siku moja alipopimwa aliomba asomewe namba yake mara ya pili. Alikuwa amepungua kilo mbili. Akamuuliza wa kitanda cha pili, naye amepungua mbili. Wa tatu mbili. Wakaulizana mpaka kitanda cha nane, na jibu lilikuwa lile lile, kama vile kuna kitu kinachopita alfajiri kikimgawia kila mtu hasara sawa.

Mama Vikombe alipoingia na sinia la vikombe wote wakamgeukia. Bibi Kofia alimtazama kuanzia viatu vya kiume mpaka mashavu.

“Wewe unajaa, sisi tunaisha,” alisema taratibu. “Unatunywa, mama?”

Mmoja alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Kuanzia siku hiyo mwanamke wa kitanda cha kona alijifunika shuka mpaka kichwani Mama Vikombe alipopita, na vikombe vikawa vinarudi jikoni na dawa nusu. Alivimwaga mwenyewe kwenye karo, akisikia maji yakishuka kwenye bomba muda mrefu kuliko kawaida.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli. Alikumbuka maneno yake juu ya chungu. Alisema maji haya, hakusema ya nani, na aliyesikia huenda hakujali kuchagua. Alijiona amekalia kigoda katikati ya majiko, amenona, na wanawake wanane wakikauka upande wa pili wa ukuta. Na bado hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo toka utotoni, lakini Kitinda alikuwa amefika sitini na tatu. Siku mbili baadaye akafika sitini na mbili na nusu. Ilikuwa Jumapili, na kesho yake ndiyo Jumatatu ya daktari. Kitinda alikuwa ameomba kitana, amechana nywele chache zilizobaki, na amemwambia muuguzi kwamba dripu hiyo wakichelewa nayo ataijia mwenyewe.

Jumapili alasiri wageni walijaa wodini, na chumba cha mizani kilikuwa kitupu. Mama Vikombe akajifungia humo na ndoo. Alikuwa na swali moja tu: je, kitu hicho kinakunywa watu peke yao? Alipima maji kwa kikombe chake cha kuingiza, kile cha robo lita, bila haraka, akihesabu kwa midomo. Vikombe themanini, lita ishirini. Lita ni kilo, hilo halihitaji shule. Ndoo yenyewe kilo moja. Akainyanyua kwa pumzi ya mwisho, akaitua kwenye sahani.

Mshale ulipanda, ukatikisika, ukasimama kwenye kumi na saba.

Alitazama ndani ya ndoo, na maji yalikuwa palepale, yamejaa, yanamrudishia sura yake iliyovimba. Kilo nne zilikuwa zimepotea na hakuna tone lililomwagika. Kinakunywa hata ndoo, alifikiri, akashika ukuta.

Sijui angekaa hivyo muda gani. Lakini mtu aliyepima maji miaka ishirini na miwili huwa na ubishi fulani kwenye mikono, na mikono yake haikukubali. Akaitoa ndoo. Mshale ukarudi kwenye sifuri, ukaegemea kile kijiti cha chuma kinachouzuia usipite. Akabonyeza sahani kwa kiganja. Sahani ikashuka, mshale haukujali. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, na ndipo ukaanza kutoka pale ulipolala. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa nyuma ya sifuri, umekazwa na skrubu, asubuhi baada ya asubuhi, ili yeye aendelee kuwa hamsini na nane.

Alikaa sakafuni. Hakuna aliyekunywa mtu. Yeye alikuwa amevimba, mengine yote wameyafanya wao wenyewe: muuguzi kwa kukaza, yeye kwa kunyamaza. Kwa nusu dakika aliona raha ya mtu aliyeamshwa kutoka kwenye jinamizi, na machozi yakamtoka. Halafu akajumlisha. Sitini na mbili na nusu, ongeza nne.

Mdogo wake hakuwa amepoteza hata kikombe. Alikuwa ameongezeka. Na kesho mshale ungeshuka ile nusu iliyobaki, na saa nne asubuhi wangemwekea dripu.

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo ninapompenda mwanamke huyu, na ninapomwonea huruma pia. Aliweka mkono kwenye skrubu. Angeweza kuilegeza pale pale, mizunguko miwili, na kesho wangesema maskini, maji yamerudi usiku mmoja. Dripu isingewekwa, Kitinda asingeuawa, na hakuna mtu duniani angejua kwamba jiwe la mizani lilikuwa bovu. Mkono ulikaa hapo. Kisha akamkumbuka Kitinda akiuliza mwongo ni nani, na yeye akimjibu kwamba ni woga. Akauondoa mkono.

Alisubiri mpaka wageni wakaondoka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha mdogo wake, akamweleza yote bila kuruka kitu: maneno aliyoyasema juu ya chungu, viatu, skrubu, ndoo. Alitarajia kilio. Kitinda alimsikiliza akiwa ameshika kitana.

“Kwa hiyo mimi sikuwa nachanganyikiwa,” akasema mwisho.

“Hukuwa. Ulisema kweli na mimi nikakugombeza.”

“Wiki tatu, dada. Nimelala na mwili huu naogopa kuusikiliza.” Aliweka kitana chini. “Nenda kawaambie. Leo, siyo kesho.”

Alikwenda. Muuguzi mkuu alibisha, akapelekwa kwenye mizani akaonyeshwa ile ndoo, akaacha kubisha. Tabibu aliitwa kutoka nyumbani. Alimbonyeza Mama Vikombe miguu, akamuuliza anakula nini, na yeye akachomoa vipande vya mzizi mtamu kutoka mfukoni. Mzee aliviangalia akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo anautia mzizi huo kwenye dawa za watu kwa vidole viwili tu, alisema, kwa sababu ukizidi hushikilia maji mwilini na kupandisha presha. Na mchemshaji wake mwenyewe alikuwa akiula kama njugu. Hakumkaripia zaidi ya hapo.

Jumatatu wakaazima mawe ya chuma ya dukani, wakainyoosha mizani, wakawapima wanawake upya. Ilikuwa karibu sherehe. Kila aliyepanda alirudishiwa kilo zake nne, na kila mmoja alishuka akitabasamu. Bibi Kofia alipiga sahani kwa kisigino na kusema, kumbe bado yupo. Alimshika Mama Vikombe shavu, hakusema samahani, lakini alikiacha kiganja chake hapo.

Kitinda alipanda wa mwisho. Sitini na sita na nusu. Hakuna aliyecheka. Kwa wodi nzima zile kilo zilikuwa uhai uliorudi, kwake tu zilikuwa hukumu, na wote walijua. Mwanamke wa kitanda cha kona aligeukia dirishani.

Daktari alikuja, safari hii akaliangalia tumbo. Alisema maji yatatolewa kwa sindano mchana huo ili apate nafasi ya kupumua. Kuhusu dripu alisema haiwezekani leo. Mama Vikombe aliuliza wiki ijayo je, na daktari akaanza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Saa ya kuchemsha ilikuwa imepita. Vyungu sita vilikuwa vinamsubiri, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuchelewa. Alisimama, akafunga aproni.

“Unakwenda wapi?” Kitinda akauliza.

“Kukuchemshia.”

“Leo usinichemshie. Kaa na mimi.”

“Dawa yako—”

“Dada. Kaa.”

Mama Vikombe akafungua aproni. Kitinda alijisogeza kidogo kidogo mpaka ukutani, akampigia godoro kwa kiganja, na dada yake akavua vile viatu vya kiume, akapandisha miguu kitandani karibu na yake. Walilala chali, miguu minne imevimba sawasawa, ngozi imekaza inang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu alipolazwa Kitinda alicheka kwa sauti. Alisema mtu akiingia sasa hawezi kujua ipi ni ya nani. Kisha akashika mkono wa dada yake, akafumba macho, na Mama Vikombe akabaki amelala hivyo, akisikia jinsi maji yanavyogeuka ndani ya mdogo wake kila anapovuta pumzi, yamechelewa kidogo, kama alivyoambiwa.